Watoto Wanapobaki Nyumbani Siku za Likizo: Wako na Nani?

Kila mwaka mara mbili, katikati ya mwaka na mwisho wake, shule zetu hufungwa na watoto hurudi mikononi mwetu. Wao hufurahi, nasi twafurahi pamoja nao, kwa kuwa siku za masomo twawaona jioni tu, wakiwa wamechoka. Lakini leo twaomba, wazazi wenzetu, tulitafakari pamoja jambo moja ambalo mara nyingi hatulisemi. Wakati wa masomo mwalimu huwaangalia watoto wetu tangu asubuhi hata alasiri. Siku shule ifungwapo kazi hiyo yaturudia sisi, wala kazi zetu nyingine hazipungui. Ziwa halina likizo, na shamba halina likizo. Basi mtoto hubaki nyumbani. Na swali letu ni hili: hubaki na nani?

HALI YETU ILAGALA

Tutazame kijiji chetu cha Ilagala, mahali mto Malagarasi, baada ya safari yake ndefu, unapokaribia kuingia katika Ziwa Tanganyika. Maisha yetu yote yashikwa na maji hayo mawili na ardhi iliyo kando yake. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, baba huchukua taa akaenda ziwani kuvua dagaa na migebuka. Arudipo alfajiri amechoka, naye hulala mchana. Mama huamka kabla ya jua. Huenda mwaloni kununua dagaa, apate kuwaanika mapema. Au huvuka mto kwenda shamba la muhogo. Au hushinda penye mapipa ya kuchemshia chikichi, ili yapatikane mawese ya kuuza. Hapana mvivu hata mmoja katika nyumba hiyo. Walakini saa tatu ya asubuhi, ukipita uwanjani, utamkuta msichana wa miaka tisa amembeba mdogo wake mgongoni, na wengine wawili wanamfuata, na baba yumo ndani, amelala usingizi wa mtu aliyekesha. Ukiuliza, "Mama yuko wapi?" utajibiwa, "Ameenda shamba." Ukiuliza, "Na ninyi mmebaki na nani?" msichana yule atajibu, "Nipo mimi."

Zamani jibu lingalikuwa jingine. Bibi alikuwapo, au shangazi, au mama mdogo katika nyumba ya pili. Siku hizi wengi wetu tumekuja pwani hii ya ziwa tukifuata samaki na mawese, na bibi wa watoto amebaki mbali, Kasulu au ng'ambo ya ziwa. Majirani ni watu wema, lakini kila mmoja ana shughuli zake. Hivyo mtoto amekuwa mlezi wa mtoto, nasi tumezoea.

SIKU TULIYOFUNDISHWA

Twakumbuka siku moja ya Juni. Mama mmoja, jirani yetu, alivuka mto kwenda kung'oa muhogo, akawaacha watoto watatu, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka kumi. Msichana yule aliwasha moto akateleka uji, kama alivyoagizwa. Mdogo wao, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, akaokota kikombe chekundu cha plastiki akashika njia ya ziwani, kwa kuwa kila siku alimwona dada yake akiteka maji huko, naye alitaka kusaidia. Dada yake alipoinua macho hakumwona. Akamtafuta nyuma ya nyumba, akamtafuta chooni, akamtafuta kwa majirani. Ziwani alikwenda mwisho.

Mzee mmoja alikuwa ameketi ufukweni akishona nyavu. Aliona kwanza kikombe kinaelea, akashangaa, ndipo alipoona nguo ya mtoto. Akaingia majini akamtoa. Mtoto yule alitapika maji, akalia, akapona. Leo anasoma shule.

Lakini jambo lililotuchoma moyo ni habari ya dada yake. Hakuna aliyempiga wala kumgombeza, ila siku kadhaa hakula vizuri, na kila aliyemuuliza alimjibu neno moja tu: "Nilikuwa nakoroga uji." Naye alisema kweli. Mtu hawezi kukoroga uji na kumtazama mtoto wa miaka miwili kwa wakati uleule. Hata sisi watu wazima hatuwezi. Mtoto yule hakukosa. Tuliokosa ni sisi wakubwa, tuliomtwika mzigo usio wake.

MAJI

Ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, likipitwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Mahali penye kina kirefu hufika mita 1,470 hivi. Lakini mtoto mdogo hahitaji kina hicho ili afe. Maji yafikayo magotini mwa mtu mzima yatosha. Naam, hata beseni la kufulia latosha. Tena wengi hudhani kwamba azamaye hupiga kelele, nasi tutasikia. Sivyo. Azamaye hana pumzi ya kuita. Huenda kimya, na kwa dakika chache mambo yamekwisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama nchi yetu. Mwaka uleule Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai iwe siku ya kuwakumbusha watu wote habari ya kuzuia vifo hivyo.

Kwetu sisi kila likizo ina hatari yake. Likizo ya Juni huja na upepo wa kusi, na ziwa lililokuwa shwari asubuhi huweza kuchafuka ghafula. Likizo ya Desemba huja na mvua. Malagarasi hujaa, kingo zake hubomoka, na maji yake ya tope hayaonyeshi kina wala kilichojificha ndani. Viboko na mamba wamo mtoni, nao hawamjui mtoto wa nani ni nani. Tena miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilijaa mno, likafunika sehemu nyingi za ufuko. Palipokuwa uwanja wa kuchezea pakawa maji. Basi mpaka uliomwonyesha mtoto mwaka jana, uutazame tena mwaka huu.

Tufanyeje? Kwanza, maji ya kutumia mchana yatekwe kabla mama hajaondoka, ili mtoto asipate sababu ya kwenda ziwani. Pili, pipa na ndoo zifunikwe, na kisima kiwe na mfuniko mzito. Tatu, mlango au uzio uwekwe upande unaoelekea majini, hata ukiwa wa mianzi tu, maana mtoto wa miaka miwili akizuiwa dakika tano mtu aweza kumkumbuka. Nne, mtoto aliyepita miaka sita afundishwe kuogelea, na afundishwe na mtu mzima, mahali pa salama. Walakini ajuaye kuogelea naye asiachwe peke yake.

Na mtoto akimwona mwenzake anazama, asijitose. Wengi wamekufa wawili badala ya mmoja. Apige kelele kuita watu, amtupie dumu tupu lililofungwa kamba, au amnyoshee upondo. Ni vema kila nyumba iliyo karibu na maji iwe na dumu la namna hiyo. Mtoto akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini, wala asibonyezwe tumbo, kama wengine wafanyavyo. Alazwe chali, ainuliwe kidevu, apuliziwe pumzi mara tano. Kisha akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara thelathini, apuliziwe tena mara mbili, na kuendelea hivyo bila kuacha hata apumue au hata msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe kwa mganga wa zahanati siku hiyohiyo.

MOTO NA SUMU

Juni majani yamekauka, na cheche moja yatosha kuteketeza nyumba ya nyasi. Basi chakula cha mchana kipikwe alfajiri. Muhogo wa kuchemsha, ndizi au ugali uliofunikwa vizuri si karamu, lakini mtoto atashiba bila kugusa moto. Mapipa ya kuchemshia chikichi yawe mbali na michezo ya watoto, na yasiachwe hata dakika moja yakiwa ya moto, maana mawese yachemkayo hushikamana na ngozi, na huunguza zaidi ya maji. Mtoto akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini; kisha kidonda kifunikwe kitambaa safi, apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, wala unga, wala dawa ya meno, wala udongo.

Juu ya sumu twasema machache. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwa sababu mtoto aijua chupa ile kwa utamu wake. Betri kubwa za taa za kuvulia zina asidi. Ziwekwe mahali pasipofikiwa. Dawa ya panya na dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakipanda tena huingia mapafuni. Akimbizwe zahanati, na chupa ichukuliwe ili mganga aone.

WATU

Hili ni gumu kulisema, lakini tukinyamaza tutakuwa tumewasaliti watoto wetu. Mtoto aliyebaki peke yake aweza kudhuriwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo si mgeni, bali ni mtu anayejulikana nyumbani. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kuwaogopa wageni tu. Tuwafundishe kwamba mwili wa mtoto una heshima yake. Kwamba mkubwa amwambiaye mtoto, "Usimwambie mama," huyo ndiye wa kuambiwa mama upesi. Na kwamba mtoto akileta habari ya namna hiyo hatapigwa wala hataitwa mwongo. Mtoto aliyepigwa mara moja kwa kusema kweli hatasema mara ya pili.

Iko pia namba ya simu ya kuwasaidia watoto katika nchi yetu, nayo ni 116, wala hailipiwi. Namba ya polisi ni 112, na ya zimamoto ni 114. Ziandikwe kwa mkaa ukutani, pamoja na namba za baba na mama, na mtoto ajifunze kuzisoma kabla ya siku ya haja.

"SISI TULILELEWA HIVYO HIVYO"

Twajua wako watakaosema, "Mambo haya ni ya nini? Sisi nasi tuliachwa na dada zetu, wala hatukufa." Twawajibu kwa upole: ni kweli, ninyi hamkufa, ndiyo sababu mwaweza kusema. Waliokufa hawapo wa kutusimulia. Kila mmoja wetu akitafuta moyoni atakumbuka jina la mtoto mmoja aliyecheza naye, ambaye siku moja hakuonekana tena.

Wala hatusemi kwamba mtoto mkubwa asimsaidie mama yake. Kumbeba mdogo, kumlisha, kumwimbia, hayo ni mafunzo mema, na mtoto asiyeyajua atapata taabu mbele. Lakini kusaidia ni neno moja, na kubeba jukumu lote ni neno jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yaliona hivyo: yamwagiza mzazi ahakikishe kwamba, asipokuwapo kwa muda, mtoto wake aangaliwe na mtu aiwezaye kazi hiyo. Msichana wa miaka tisa haiwezi, hata akiwa mwerevu namna gani.

MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Basi mama afanyeje, ikiwa shamba lamngoja na watoto wamngoja? Wahenga walikwisha jibu: mkono mmoja haulei mwana. Tazameni walivyofanya wenzetu wa Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, ambako watoto wengi wadogo hufa maji. Wataalamu walichunguza wakaona kwamba wengi walizama saa za asubuhi, mama zao wakiwa kazini. Wakachagua mwanamke mmoja katika kila mtaa, wakamfundisha, naye akawakusanya watoto wadogo saa hizo tu, tangu asubuhi hata mchana. Vifo vya maji vya watoto waliokuwa wakija kwake vikapungua sana. Mwaka 2022 Serikali ya nchi hiyo ilipitisha mpango wa kufungua vituo 8,000 vya namna hiyo.

Sisi hatuna haja ya kungoja vituo. Wakina mama sita wa mtaa mmoja waweza kuanza Jumatatu. Kila mmoja ashike siku moja ya juma, na siku ya saba kila mtu awe na watoto wake mwenyewe. Aliye na zamu abaki chini ya mwembe pamoja na watoto wote wadogo, na kazi yake ya siku hiyo iwe ile ya mikono isiyomwondoa macho yake kwao: kuchambua dagaa walio kwisha kukauka, au kusuka ukili. Wale watano waendao kazini kila mmoja amletee kopo la dagaa au mihogo miwili, ili siku yake isiwe hasara. Kwa hesabu hii kila mama hupoteza siku moja tu ya kazi katika sita, na siku tano huenda kwa moyo uliotulia. Watoto wakizidi kumi, wabaki wakina mama wawili.

Na kina baba? Kulea si kazi ya mama peke yake. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo baba na ashike zamu kama wengine. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana, na likizo ya Juni ikaangukia katikati ya miezi hiyo. Baba aliyekuwa nyumbani wakati ule aliweza kuwajua watoto wake kuliko miaka yote iliyopita. Tena aliyetoka ziwani alfajiri, akiwa hana nguvu ila za kulala, asihesabiwe kuwa yupo. Mtu aliyelala hachungi mtoto. Na yeye mwenyewe aseme hivyo wazi, ili mama asiondoke akidhani ameacha mlinzi.

Tukumbuke pia kwamba likizo huweza kuja bila kubisha hodi. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi darasani hata tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu! Mtaa uliokwisha kuzoea zamu hauwezi kushtukizwa na siku kama hizo.

NENO LA MWISHO

Wazazi wenzetu, hatukuandika haya ili kuwahukumu. Nasi pia tumewahi kuondoka asubuhi tukiwa tumesema tu, "Mwangalie mdogo wako." Jioni tulirudi tukawakuta wazima, tukadhani kwamba tumefanya vema, kumbe tulikuwa tumesaidiwa tu.

Twawaomba neno moja dogo. Kabla ya kuondoka asubuhi, mtu asimame mlangoni ajiulize: "Mtoto wangu yuko na nani?" Ajibu kwa jina la mtu mzima, aliye macho, aliyeambiwa naye akakubali. Jina hilo likipatikana, aende kwa amani. Lisipopatikana, basi aidha amchukue mtoto, aidha aende kwa jirani kuomba, na asione haya. Kesho jirani atakuja kuomba kwake.

Yule mzee wa nyavu tulimshukuru sana. Naye akatujibu, "Msinishukuru mimi. Siku ile nilitaka kwenda Kigoma, nikakosa mtumbwi." Maneno hayo hatuyasahau. Maisha ya mtoto yasitegemee mtumbwi uliokosekana.

Twawatakia ninyi nyote, pamoja na watoto wenu, likizo ya salama.